Soda za Nyongeza

...na kopo la maziwa limeshasomwa mara mbili, tit, tit, mkono ndio ulioteleza kwa sababu macho hayakuwa hapa, macho yalikuwa kule nyuma kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa meneja, na sasa mashine nambari nne imejifunga, taa nyekundu juu ya kichwa chake inawaka na kuzimika, na keshia mwenye miaka kumi na mmoja kazini haruhusiwi kufuta kopo moja la maziwa mpaka msimamizi aje na ufunguo wake, jamani, kopo moja, "Samahani babu, nimelipitisha mara mbili, nasubiri wanifutie," na mzee mwenye maziwa anasema haya mwanangu, mimi sina haraka, lakini mama wa toroli nyuma yake anafyonza, mwache afyonze, hata keshia angefyonza kama angeruhusiwa, akabonyeza tena kengele, msimamizi yuko wapi huyu, na kule nyuma Kitinda bado amekaa, mdogo wake wa mwisho, magoti yamebanana, fomu mapajani, na miguuni viatu vyeusi vya dada mtu, vile vya mwaka wa kwanza wa kazi, amevipiga rangi mpaka vinang'aa, maskini wa Mungu, jana jioni alikaa navyo mlangoni na mswaki wa zamani akiimba, akasema "Dada, nitavaa viatu vya bahati," bahati gani, viatu hivyo vilimpa dada malengelenge na kiuno kinachouma kila akiamka, lakini alisema nini yeye, alisema "Ehe, vinakupendeza," basi, mdomo huu, mdomo huu utamponza mtu... Ndani ya ule mlango kuna kijana anayehojiwa, akitoka tu ataitwa Kitinda, na Kitinda akishatia sahihi chuo ndiyo basi, miezi saba tu imebaki awe fundi umeme kamili, miezi saba, tayari anatengeneza pasi za mtaa mzima, nyaya amezizungushia ule mkanda mweusi wa umeme utadhani kazaliwa nazo, na mama anasema mwache naye aje huko kwenu mwanangu, hiyo kazi yenu si inalipa, kila mwaka si wanakuongeza, na hapo ndipo kisu kinapoingia, kwa sababu nani aliyewaambia kila mwaka wanamwongeza kama si yeye mwenyewe.

Miaka minane ya kwanza ilikuwa kweli, lazima aseme haki, kila mwaka mwezi wa nyongeza walimtupia kidogo, kidogo kweli, lakini alirudi nyumbani na soda, moja ya mama, moja ya Kitinda, moja yake, wakagonganisha chupa, mama akapiga kigelegele kwa kitu ambacho hakimalizi hata wiki, ikawa ndiyo desturi ya nyumba, halafu mwaka wa tisa meneja akamwita akampa mkono akatabasamu, "Hongera, umefika kikomo cha daraja lako," kikomo, yaani keshia ana dari lake, hata ukae miaka mia halisogei, na yeye akasema nini, akasema asante, bwana wee, akasema asante na akainama kidogo, mtu anafungiwa mlango usoni anasema asante, na njiani akapita akanunua soda tatu, akakata pesa ya chakula chake cha mchana wiki nzima ili mama asijue, na mwaka wa kumi tena soda, na mwaka huu tena soda, na Kitinda alikuwa anatazama, kumbe alikuwa anazihesabu zile soda, akapiga hesabu ya maisha yake yote juu ya soda za uongo... "Dada, bado?" ni mama wa toroli, "Bado kidogo mama, anakuja," anakuja wapi, hata kivuli chake hakionekani. Na lile tangazo pale mlango wa duka, amelipita asubuhi akajifanya hajui kusoma, wanatafutwa makeshia, mia mbili na kumi kwa saa kwa kuanzia, na nyongeza kila mwaka, hawajaandika inaishia wapi, yeye ndiye inapoishia, yeye hapa, mia mbili na arobaini, miaka kumi na mmoja imemfanya amzidi mtu wa leo asubuhi kwa thelathini, nusu mkate haipatikani kwa thelathini, sakafu wanaipandisha ili wageni waje, dari wameliacha palepale, na atakayemfundisha Kitinda kupitisha makopo ni nani kama si yeye, wasimame bega kwa bega, viatu kwa viatu, mpaka naye apewe mkono aseme asante. Na wenzake hapa, wa mashine ya pili, wa mashine ya tano, miaka yote wanakula pamoja na hajui hata mmoja analipwa ngapi, kwa sababu siku ya kwanza unatia sahihi kwamba mshahara ni siri yako na kampuni, hausemwi, ukiusema unaondoka, na yeye ameitunza siri hiyo mpaka nyumbani, mpaka kwa mama aliyemzaa, ametunza siri ya watu ambao hawamwamini na kopo la maziwa.

Mlango wa meneja ukafunguka, kijana akatoka akifunga kifungo cha shati, na Kitinda akainuka, akainyoosha sketi, fomu mkononi, na taa ya nambari nne bado inawaka na kuzimika na keshia hawezi kuondoka hapa, mashine ikiachwa wazi ni kosa, basi, hakujua kama angeweza, akasikia tu sauti yake ikipita juu ya foleni na rafu za sabuni, "Kitinda! Mia mbili na arobaini!" na keshia wa mashine ya tano akageuka mdomo wazi, na kule nyuma Kitinda akasimama na mguu mmoja mbele, akamtazama, "Mwaka wa tatu huu! Haiongezeki tena, mdogo wangu, soda nilikuwa nanunua mwenyewe!" na taa inawaka na kuzimika na ufunguo haujaja, na mzee akalitazama kopo lake, akamtazama yeye, akauliza taratibu, "Mia mbili na arobaini ni bei ya maziwa haya, mwanangu?"

"Hapana, babu. Ni yangu, kwa saa."