Mlezi Nitamchagua Mwenyewe

Katika kanisa la Keshero, habari za watu zilisafiri kwa maombi. Pasta Ntirenganya akifumba macho, waumini walitega masikio.

"Ee Bwana, umukumbuke ndugu yetu Paulin, mwinjilisti wako, ambaye pombe ya mtama inamuita kila jioni."

Paulin alikuwa amemwambia jambo hilo wakiwa wawili tu, machozi yakimtiririka. Jumapili likaombewa. Kufikia Jumatatu watoto wa shule walikuwa wameshalitungia wimbo.

Pasta hakuwa mtu mbaya. Uamsho uliovuka kutoka Rwanda ndio uliomlea, na kwa watu wa uamsho siri ni giza. Anayempenda Mungu hutembea nuruni, na anayesitasita husukumwa.

Basi mwaka ule wa 1956, Bwana wa misioni kule Rutshuru alipoagiza kwamba kila mwinjilisti na kila mwalimu wa kanisa achague mlezi wa roho, mtu wa kukaa naye kila mwezi na kumweleza jinsi kazi inavyomlemea, wanaume wote walimtaja Pasta asubuhi moja. Pasta ndiye aliyepanga nani ahudumu wapi. Nani angependa kuamka siku moja amehamishiwa Bunagana, kule mpakani?

Alibaki Léoncie, mwalimu wa akina mama.

Aliwafundisha kusoma, aliwafundisha Injili, aliwafundisha kusali. Lakini tangu alipomzika mtoto wake wa pili, katika mvua zilizopita, alikuwa akifundisha sala kwa mdomo mkavu. Akipiga magoti peke yake, hakuna neno lililokuja. Mtu mmoja tu alijua: Mukamazimpaka, mjane wa shemasi, ambaye alifika na maharagwe yake, akaketi naye mkekani, wakawa wanamenya. Siku alipoambiwa, hakumwekea mkono kichwani, wala hakumtafutia andiko. Alimaliza kumenya ganda lililokuwa mkononi, kisha akasema, "Basi kaa na mimi, mwanangu." Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Hakuna Jumapili hata moja ambayo jambo lile lilisikika kanisani.

Sasa baraza lilikuwa limekaa ndani ya kanisa, kati ya kuta za mawe meusi ya volkano. Pasta mbele, wazee wawili kando yake, wainjilisti kwenye mabenchi.

"Mama Léoncie, tunangojea jina," alisema Pasta.

"Mama Mukamazimpaka."

Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. "Yule? Hata kusoma andiko mbele ya watu anakataa! Atakulea na nini? Na maharagwe?"

"Na maharagwe, papa. Kuna wenye wanalea na maneno, tumeona matokeo yake."

Paulin aliinamisha kichwa, akauma mdomo asicheke.

"Mwanangu," Pasta alisema kwa upole, "mulezi ni mutu aliyesoma. Mimi nimepita shule ya Biblia."

"Ni kweli, Papa Pasta. Na ni wewe unapanga nani aende wapi, na nani aachishwe kazi. Siwezi kuonyesha kidonda changu kwa mutu mwenye anashika fimbo."

"Kumbe kuna kidonda! Kilete nuruni, kipone. Siri ni giza, mama."

"Mbegu pia iko gizani. Ni mukulima gani anaifukua kila asubuhi ili aone kama inaota?"

Mabenchi yalilia chini ya watu. Pasta alimtuma mtu amwite Mukamazimpaka, aliyekuwa uani akifagia. Mama yule aliingia akipangusa mikono, akasimama karibu na mlango.

"Mama, wewe na Léoncie, munaongeaka nini?"

Darasa la Léoncie, jina lake, akina mama waliomwamini, vyote vilikuwa mdomoni mwa mama huyu. Neno moja tu, na Jumapili Keshero nzima ingesikia kwamba mwalimu wa sala hasali.

"Maneno yake," alijibu Mukamazimpaka.

"Maneno gani?"

"Yake, Papa Pasta. Yangekuwa yangu, ningekupatia."

"Jumapili ni Meza ya Bwana. Mwenye kuficha hataikaribia."

Mama yule aliikaza nguo yake kiunoni. "Basi nitakaa nyuma. Huko nyuma pia Mungu anafika."

Hapo Paulin alisimama. Alikuwa mtu wa Butembo, mrefu, na tangu wimbo ule wa watoto alikuwa amejifunza kutembea kama mfupi.

"Papa Pasta, jina nililotoa, nalirudisha. Mimi pia nitatafuta wangu."

"Kaa chini!"

"Nitakaa, papa. Lakini nimelirudisha."

Pasta aliona mabenchi yanamponyoka, akashika silaha aliyoizoea. "Tuombe," alisema, na vichwa vyote vikainama. Kila mtu alijua jina litakalokuja.

Léoncie peke yake hakuinama.

"Papa Pasta," alisema. "Kama unataka kunitaja, unitaje macho wazi. Uniangalie mimi, halafu umwambie Mungu."

Pasta alifumbua macho. Walitazamana. Midomo ya Pasta ilijaribu kuanza, ikasita, ikajaribu tena. Ni vigumu kumsengenya mtu mbele ya Mungu huku macho yake yakikutazama. Hatimaye alisema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, "Baba yetu uliye mbinguni," na watu wote wakaidaka sala ile haraka, kama watu waliopewa mlango nyumba ikiungua.

Baada ya Amina, Pasta akapata tena sauti yake.

"Umechagua. Sitakuzuia, kwa sababu Bwana wa misioni amesema muchague. Lakini chumba cha darasa ni cha kanisa, na mimi ndiye mwangalizi wake. Leta ufunguo. Bwana akija kutoka Rutshuru, ataamua."

"Aje. Nitamwambia jina lile lile."

Léoncie aliuweka ufunguo juu ya meza, bila kuutupa.

"Huu ni wa chumba, Papa. Kesho akina mama watasomea kwangu. Ukitaka kuja kutusikiliza, karibu sana. Ila upige hodi."