Miche ya Maji ya Bomba

Mtaalamu wa misitu alikuwa amesema mara tatu: miche ya mikoko ianze na maji ya bomba, kisha kila wiki iongezewe maji ya bahari kidogo kidogo, mpaka izoee chumvi kabla ya kupandwa ufukweni. Mjane aliyetunza kitalu aliitikia. Kuitikia si kutenda.

Alijaribu, tusimsingizie. Lakini wiki ya tatu majani yakaanza kuwa manjano, miche ikadumaa, roho ikamuuma. Miche ile ingepandwa mbele ya kaburi la mumewe, ambalo bahari ilibakiza hatua saba tu kulifikia. Angemkingaje marehemu kwa vijiti vyenye utapiamlo? Akarudi bombani kimyakimya.

Miche ikanawiri, ikanenepa. Tuta la pili, la wifi yake, lilijaa vidude vifupi vya rangi ya chai.

"Wifi, hiyo ni miche au njiti za kiberiti?" alimtania.

"Cheka tu. Yangu imekula chumvi, haina muda wa kujipamba."

Siku ya kupanda, wanawake wa kikundi cha kitalu walikubaliana bila ubishi: miche mizuri iende makaburini, iliyodumaa ipelekwe nyuma ya choo cha soko, kando ya bahari. Wifi hakununa. Kaburi lilikuwa la kaka yake.

Siku ya nne majani yalijikunja. Siku ya tisa yalikuwa meusi. Mjane alishinda matopeni akimwagia maji ya bomba kwa kopo, na bahari ikija mara mbili kwa siku kuyafuta.

Mtaalamu alipofika aling'oa mche mmoja, akaukagua mzizi.

"Mama, hii ilionja chumvi lini?"

Akasema ukweli. Aibu ilimshika hata akashindwa kuinua uso. Mbegu nyingine zingepatikana mwaka ujao, na bahari haikuwa na subira hiyo. Kule nyuma ya choo, njiti za kiberiti zilikuwa zimetoa majani mapya.

Wiki sita baadaye zilibaki hatua mbili bahari ilifikie kaburi. Asubuhi moja wifi alikuja na majembe mawili na shuka jeupe. Hakugomba.

"Wifi, tumtoe kaka kwa mikono yetu, kabla maji hayajamtoa."

 Mjane alipokea jembe, akaanza kuchimba upande wa miguuni, maana upande wa kichwani hakuthubutu.