Msemaji wa Igihozo

Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakumjua Hakizimana wa Gisenyi. Huyu alivumilia mpaka mbuzi wake wakaijua hotuba.

Kwetu, siku ya posa, kila upande huwa na msemaji. Wa mume huomba, wa msichana hukataa kwa utani, wanarushiana maneno mpaka watu wavunjike mbavu, kisha binti hutolewa. Baba yake Igihozo alipokuwa anakata roho, alimwachia Hakizimana, mdogo wake, binti huyo amlee, na ombi moja: "Siku watakuja kumuomba, we ndiye utasema."

Ndugu wote walimtaka Wellars, shemeji yake Hakizimana, dereva wa pikipiki, mtu ambaye hata akiomba chumvi watu wanacheka. Igihozo, aliyezoea kumwita Hakizimana papa, akakataa katakata. "Papa ndiye atasema. Ameisha jifunza."

Kujifunza, alijifunza. Miaka yote hiyo alizamia posa za watu asiowajua, mjini hadi Mahoko, akiokota maneno na kuyarudia nyuma ya jiko mpaka koo likauma. Wellars hakujifunza hata sentensi moja, mshenzi yule.

Wageni wakashuka kutoka Mudende, kule milimani, na ng'ombe wa mahari. Hakizimana alianza vizuri, jamani, tusimnyime haki yake. "Hapa kwetu hakuna musichana," alisema, na watu wakacheka. Alijua Igihozo anasikiliza nyuma ya pazia. Moyo ukamjaa furaha.

Hapo mzee Bahizi, msemaji wa wageni, badala ya kubembeleza kama wote, akashika fimbo yake na kusimama.

"Bon. Kama hakuna, tunarudi kwetu."

Utani mtupu! Hapo mgeni unamshika mkono, unamrudisha kitini. Lakini katika hotuba ya Hakizimana kilichofuata kilikuwa kukataa mara ya pili, naye akakitoa vilevile alivyokizoea.

"Muende salama. Hata mukirudi kesho, hamutamupata."

Mzee mzima hafukuzwi halafu akakaa. Bahizi akaelekea mlangoni, wazee wenzake wakamfuata, hakuna aliyecheka tena. Hakizimana aliliona kosa lake. Akatafuta neno la kuwarudisha, akapekua yote aliyoyakusanya, na hakuna lililofaa.

Pazia likasogea. Igihozo alichungulia, machozi yanamlengalenga. Hakumtazama yeye.

"Wellars!" aliita. "Wellars, sema!"

Wellars alikuwa na chupa mkononi, hata hakusimama.

"Weee, mzee Bahizi! Ng'ombe zenu zimeisha onja majani ya huku chini, kupanda tena Mudende zinakataa. Sasa munatuachia ng'ombe bure? Rudini, tuwapatie kitu!"

Watu wakaangua kicheko. Bahizi alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, akarudi kukaa. Mambo yakaisha, kirahisi hivyo.

Igihozo alipotolewa, alipiga magoti kwanza mbele ya Hakizimana na kumkumbatia.

"Papa, asante kwa yote. Siku ya harusi we utakaa tu karibu na mi. Wellars ndiye atasema."

"Ni sawa, binti yangu."

Alitaka kumchukia Wellars, akashindwa. Aliyemchukia alikuwa yeye mwenyewe. Kaka yake alimwomba kitu kimoja tu. Watu walikula, wakanywa, naye alikaa mahali pale pale, midomo inamcheza. Hotuba yote ilikuwa bado kichwani. Hakuwa amesahau hata neno moja.