Mkwe Aliyeutazama Ukuta

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, Bi Opereta aliishi na sauti za watu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wa simu, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, ili mtu wa mji huu azungumze na mtu wa mji ule. Ubao ulipong'olewa na mashine kuletwa, alistaafu, ila jina halikustaafu. Hata daktari aliyempasua tumbo alimwita hivyo hivyo.

Daktari huyo alimkuta na uvimbe mbaya chini kabisa ya utumbo mpana. Akaukata, akaiziba njia ya zamani, na ncha ya utumbo akaitoa nje kupitia tundu dogo kushoto mwa kitovu. Tangu siku hiyo choo kikawa kinatokea hapo, chenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa, na kuingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi.

"Utakuwa hivi maisha yako yote, mama," daktari alimwambia. "Lakini maisha hayo unayo."

Bi Opereta alisikia, akaitikia, akafumba macho. Na kwa majuma kadhaa hakuyafumbua sawasawa.

Kutoka hospitali alipelekwa nyumbani kwa binti yake, akapewa chumba cha nyuma chenye pazia jeupe, na humo akawa anaelea. Dawa za maumivu zilimchukua zikamrudisha, zikamchukua tena. Mwanga wa mchana ulichuja kwenye pazia ukatua shukani kama maziwa yaliyomwagika polepole. Wakati fulani harufu ya mkate ilipita koridoni, na hapo akajua mkwe wake amerudi, kwa maana mkwe alikuwa mwokaji mikate. Alitoka nyumba nzima ikiwa bado imelala, akarudi jua likiwa juu, nyusi zake nyeupe kwa unga.

Katika usingizi ule Bi Opereta alirudi kazini. Ubao wake ulisimama katikati ya maji yaliyotulia, nyaya zimeota majani, na sauti za watu waliokwisha kufa zikasalimiana kwa furaha. "Namba gani, tafadhali?" aliuliza, nao wakamjibu kwa majina ya utotoni. Taa moja tu, chini kushoto, iliwaka nyekundu bila kuzimika. Ile aliifunika kwa kitambaa.

Macho alikuwa hayafungui kwa makusudi. Binti yake, ambaye aliuza tiketi katika stesheni ya treni kwa zamu ya mchana, alimbadilishia vifaa kabla ya kwenda kazini. Akiingia tu na sinia, Bi Opereta alijivutia shuka hadi kichwani.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Umemaliza?"

"Mama, hata sijaanza."

Vidole vya binti vilikuwa baridi. Lakini kile kibandiko cha duara kinachoshika ngozi, ambacho mfuko hubanwa juu yake, kilimgusa kikiwa na joto zuri, kama mkono wa mtu. Bi Opereta alishangaa kidogo, kisha usingizi ukaubeba mshangao wake.

Na mkwe? Mkwe alikuwa mkwe. Tangu aoe, hakuwahi kuzidisha "Shikamoo, mama" na "Karibu, mama", macho yake sakafuni. "Nimemwozesha mwanangu kabati," Bi Opereta alimwambia dada yake zamani, binti akisikia. "Kabati zuri, la mbao ngumu, lakini ni kabati."

Basi siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikanyesha kwa utulivu, kana kwamba haikuwa na pengine pa kwenda. Mwokaji alichelewa kurudi. Binti hakuweza kumsubiri. Alifanya kazi yake haraka haraka na kukimbilia stesheni. Baadaye Bi Opereta alizinduka akahisi unyevu wa vuguvugu ukimtambaa ubavuni. Akapapasa shuka. Kibandiko kilikuwa kimefunguka upande mmoja.

Alimpigia binti yake. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Dirishani pa tiketi simu haziruhusiwi. Akajaribu kuinuka, kiwiko kikagonga beseni, na beseni likaanguka na kupiga kelele za kuamsha mtaa.

Nyayo zikaja koridoni pamoja na harufu ya mkate, zikasimama mlangoni.

"Hodi, mama."

"Usiingie!"

"Siingii. Umeanguka?"

"Sijaanguka mimi. Limeanguka beseni."

Mvua iliendelea na mambo yake.

"Mfuko umevuja?" mkwe akauliza.

Bi Opereta alitamani godoro limmeze. "Nani kakuambia habari za mfuko?"

"Mama," sauti ikasema taratibu, "unadhani tundu la kile kibandiko hukatwa na nani?"

Ndipo akasimuliwa kupitia mlango uliofungwa. Siku ya kutoka hospitali muuguzi aliwaita mume na mke akawafundisha. Mke alipoona picha tu alishikwa na kizunguzungu, akakaa chini. Aliyefundishwa mpaka mwisho alikuwa mume. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekata tundu, akalisawazisha kingo kwa kidole, akakipasha joto kibandiko ili kishike vizuri, kisha akampa mke sinia hapo mlangoni.

"Ulikuwa unakipasha wapi?"

Mwokaji alisita. "Kwapani, mama."

"Kwapani!"

"Juu ya shati."

Bi Opereta alihisi kitu kikimkwaruza kooni. Kilikuwa kicheko, ila kilikuwa hakijatumika siku nyingi. "Sasa tufanyeje, mwanangu? Wewe ni mkwe wangu. Sikufunulii tumbo hata nyumba ikiungua."

"Naingia, lakini nitautazama ukuta. Mkono wa kufanya ni wako. Mimi nitakuwa mdomo tu."

Na akaingia kinyumenyume, beseni jingine la maji ya vuguvugu mkononi, akajigonga kwenye kiti, akamwomba radhi kiti, kisha akasimama mgongo kwake na uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Vifaa alivipitisha nyuma ya mgongo, kimoja kimoja.

"Kibandue taratibu. Usikivute kama plasta. Bonyeza ngozi kwa kidole, ndiyo ijiachie yenyewe. Umeweza?"

"Nimeweza."

"Osha kwa maji matupu. Sabuni huacha mafuta, halafu hakishiki. Kausha kwa kupapasa, usisugue. Sasa chukua hii kadi yenye matundu, uniambie ni tundu gani linalokaa sawasawa."

"Nitajuaje?"

"Kwa kutazama, mama."

Bi Opereta alitazama pazia. Alitazama dari. Alitazama mgongo wa mkwe wake, mpana, una unga begani ambao mvua ilikuwa imeugeuza donge. Mgongo ule haukumharakisha. Kisha akateremsha macho.

Alitarajia donda. Majuma yote yale, chini ya shuka, alilichora donda kubwa lililooza, mdomo wazi. Hakulikuta. Alichokikuta kilikuwa kidogo, chekundu, cha duara, kinang'aa kwa unyevu kama shavu kwa ndani. Kilijivuta kidogo, kikajiachia. Kikajivuta tena. Alikigusa kwa ncha ya kidole akisubiri maumivu, na maumivu hayakuja. Kilikuwa cha moto na laini, kinafanya kazi yake bila kuwa na habari na huzuni ya mtu yeyote. Chumba kikawa kimya sana, mvua ikawa mbali, na yeye akakiangalia kikipumua namna ile mpaka akasahau ni muda gani umepita.

"Mama?"

"Nipo. Kumbe ndicho hiki tu?"

"Ndicho hicho."

Alipima. Tundu la tatu.

"Mwanzo lilikuwa la tano," mwokaji akauambia ukuta. "Limenywea. Muuguzi alisema litanywea. Alichobandika mwenzangu leo nilikikata zamani, kikawa kipana. Kosa langu."

"Kosa la mvua," Bi Opereta akasema.

Sauti ya mkasi ikasikika. Kibandiko kipya kikatiwa kwapani, na wote wawili wakasubiri kwa heshima kubwa. Kikapitishwa nyuma ya mgongo. Alikibandika kuanzia chini, akapandisha juu, akaubana mfuko mpaka ukalia *tap*, akaweka kiganja juu yake kama alivyoagizwa.

"Sasa tulia hapo. Joto la mkono ndilo linaloshikisha."

"Na wewe niongeleshe. Umenitazamia ukuta, usiniachie kimya."

Mwokaji akafikiri, halafu akaanza kumweleza kuhusu unga. Akasema siku za mvua unga hunywa hewa, kwa hiyo maji hupunguzwa, na kwamba donge likiwa tayari ukilibonyeza hurudi polepole, kama mtu anayeamshwa bila kutaka. Akasema kiwandani mashine hupiga kelele sana hata watu hawaongei, na mtu akizoea kutoongea, mdomo nao huzoea. Bi Opereta alisikiliza. Katika kazi yake alikuwa amesikia sauti za kila aina, na chache sana zilimfanya achelewe kutoka kwenye laini. Hii ingekuwa mojawapo. Aliona nyaya zenye majani zikielea majini, akaona unga ukianguka kama ukungu, na hakukumbuka mkwe alitoka saa ngapi, wala nani aliyebadilisha shuka.

Binti aliporudi alikuta mama yake ameketi kitandani, anaomba kioo.

Kuanzia hapo alijihudumia mwenyewe. Mara mbili kitu kilimshinda, akaita, na mwokaji akaja kwa kinyumenyume. Baadaye hakuita tena, ila mwokaji aliendelea kupita akirudi kazini, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, na wakazungumza mpaka binti akalalamika kwamba kabati limefunguka na halifungiki.

Jumapili moja alikuja mgeni, dada mkubwa wa mwokaji, mwalimu mkuu wa shule, mwanamke ambaye hata nguo zake zilionekana zimekaripiwa. Walikaa mezani, wakainamisha vichwa wamshukuru Mungu kwa chakula. Katika kimya kile tumbo la Bi Opereta likazungumza. Halikunong'ona. Lilianza chini, likapanda, likamalizia kwa swali.

Hakuna aliyeinua kichwa. Binti aliganda. Kisha mwokaji, masikio yamemwiva, akasema kwa sauti ya kufa, "Samahani. Ni mimi."

Dada yake akamgeukia na jicho la paredi ya shule.

"Usinidhulumu, baba," Bi Opereta akasema. "Huyo aliyezungumza ni wangu, na nimepasuliwa kwa ajili yake." Na kwa utaratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, akamweleza mwalimu mkuu yote: utumbo, tundu, mfuko.

Mwalimu mkuu alisikiliza, kijiko hewani. Kisha akasogeza kiti karibu, akauliza kwa sauti ndogo ambayo pengine wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia, "Na kuoga je, mama? Unaogaje?"

"Naoga naye. Nimwache na nani?"

Mwokaji aliweka kitambaa mdomoni, kicheko kikamshinda. Akainuka, akakimbilia jikoni, na kutoka huko wakamsikia anacheka, anajaribu kunyamaza, halafu anacheka upya.