Kiatu cha Kikosi

Baba yangu mdogo, Zubeiri, alirudi kutoka mpakani Oraba na gunia begani, akalimwaga uani mbele yetu wasichana wanne. Zikaanguka jozi nne za raba za mbio, zote za kampuni moja na zote za kijivu, kila jozi imefungwa pamoja kwa kamba zake.

"Kikosi moja, kiatu moja," alisema. "Nani anakimbia na kiatu ingine, huyo si mutu yangu."

Alikuwa sajini jeshini kabla ya kustaafu, na huku kwetu Abuku bado anaitwa Sajini. Ndiye aliyeanzisha kikosi cha kwanza cha wasichana, wakati wazee wenzake walipouliza msichana anakimbia kwenda wapi. "Anakwenda mbele yenu," aliwajibu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mtu mbaya.

Katika mbio za barabara za Arua kila kikosi huingiza wakimbiaji wanne, na muda wao hujumlishwa. Kikosi kilichopungukiwa na mmoja hakihesabiwi. Mimi nilikuwa mtu wa nne wa Abuku, na nafasi hiyo niliitaka kwa moyo wangu wote.

Nilizivaa raba za kijivu tukafanya mazoezi kwenye barabara ya Oraba, malori yakitupigia honi. Hazikupita siku nyingi goti langu likaanza kuuma upande wa nje. Nilipomwambia Baba mdogo, alizikunja raba zangu mikononi, zikakataa kukunjika, akafurahi.

"Unaona? Iko ngumu kama buti. Inashika mguu. Maumivu ni uvivu inatoka."

Nilirudi chuoni Arua nikiwa nimebeba uvivu wangu gotini. Phiona, ninayesoma naye, alizigeuza raba zile akabonyeza soli kwa kidole gumba. Upande wa nje povu lilibonyea. Upande wa ndani lilikuwa gumu kama ubao.

"We Shamira, hii ni ya mtu ambaye mguu wake unaangukia ndani," alisema. "Inamsukuma arudi katikati. Wako unaangukia ndani?"

"Sijui."

"Msomi mzima hujui mguu wako!"

Jumamosi hiyo nilikwenda kwao Pajulu, nikaamua kulifanya jambo hilo kwa utaratibu: kilima kilekile, asubuhi ileile, mwendo uleule, raba tatu tofauti. Zote zilikuwa za matumizi ya kila siku, za aina inayouachia mguu njia yake, bila ubao wowote ubavuni. Nilianza na Brooks za Phiona. Kisigino kilitua kama kwenye godoro, nami nilipanda kilima bila haraka, kama mtu aliyealikwa chakula. Za dada yake zilikuwa Asics: nazo laini, lakini zilikishika kisigino changu vizuri zaidi, na kwenye mteremko sikuteleza ndani ya kiatu. Za mwisho zilikuwa Saucony za mitumba, nilizozichagua mwenyewe sokoni Arua. Kisigino chake hakikuinuka sana kuliko vidole, nikaihisi ardhi karibu, na hatua ikawa fupi na nyepesi.

"Ipi bora?" Phiona aliuliza.

"Hakuna iliyo bora. Hii ya mwisho ndiyo yangu."

Goti lilikuwa kimya katika zote tatu.

Nilikwenda nyumbani Abuku na jibu langu, nikamkuta Baba mdogo akitia udhu kwa ajili ya alasiri. Alimaliza kuosha miguu, akaweka birika chini, akavuka baraza ya saruji kuelekea kwenye mkeka. Nami nilikuwa nimetia udhu upande wa pili, nikavuka nyuma yake. Hapo ndipo nilipoona. Nyayo zake za maji zilikuwa zimejaa tele, kisigino mpaka vidole, pana kama majani ya boga. Zangu zilikuwa na pengo upande wa ndani, kisigino na vidole vimeunganishwa na mkanda mwembamba tu.

Nilingoja amalize kuswali, ingawa nyayo zilikuwa zimeanza kukauka.

"Baba mdogo, ile raba ulijaribu wewe mwenyewe kabla ya kununua?"

"Ndiyo. Nilivaa, nikakimbia mpaka kizuizi ya forodha na kurudi. Tangu niingie jeshi, mara ya kwanza mguu yangu haiumi." Uso wake ulikuwa umelainika. "Nikasema, hii ndiyo ya watoto yangu."

"Ni ya mguu wako. Tazama." Nilimwonyesha saruji. "Wako umelala wote chini, kwa hiyo kiatu kinakuinua. Wangu haujalala. Kinanisukuma nje, goti linalipia."

Alizitazama nyayo zake, kisha akazifuta kwa kandambili.

"Jeshini waliniita Bata," alisema. "Nilitembea nao wote mpaka mwisho, na hiyo mguu ya bata. Sasa wewe, mtoto ya kaka yangu, unaniletea maneno ya mguu?"

"Sikutukani. Nasema miguu haifanani."

"Buti ya jeshi ilifanana! Utavaa kiatu ya kikosi, ama utakaa nyumbani. Maneno imekwisha."

Kwangu hayakuwa yamekwisha.

Siku ya mbio nilifika uwanjani Arua nimevaa fulana ya kijani ya kikosi juu ya shati langu la mikono mirefu, na miguuni nimevaa Saucony zangu. Night, mwenzetu aliye mwepesi kuliko sisi sote, aliniona wa kwanza.

"Ee! Chuo imekufundisha na kiatu?" alisema. "Usituharibie, Shamira. Vaa tu. Goti litauma siku moja tu."

"Nawe linakuuma?"

Alikuwa akilikanda goti lake.

Baba mdogo alikuja na zile za kijivu mkononi. "Vua," alisema.

"Nimesoma kanuni za mbio. Zinataka fulana moja, hazisemi neno juu ya viatu."

"Kanuni ya Abuku ni mimi. Vua!"

Watu walikuwa wamegeuka kututazama. Nilijua nikikataa, wenzangu watatu watakimbia bure, nami nitakuwa nimeipoteza nafasi niliyoitaka. Nilijua pia kwamba nikitii, nitakuwa nimekubali kwamba mtu mwingine anaujua mwili wangu kuliko mimi. Nilivua. Lakini nilichovua ni fulana. Niliikunja vizuri, namba ikiwa bado imebanwa kifuani, nikaiweka juu ya raba alizoshika.

"Shikamoo, Baba mdogo," nilisema, maana asubuhi ile sikuwa nimemwamkia, nikaenda kusimama nyuma kabisa ya wakimbiaji wote.

Nilikimbia bila namba. Kwenye kilima cha mwisho goti langu lilikuwa kimya kama siku ile ya Pajulu, nikawapita wasichana ambao sikuwahi kuwapita. Mwandishi wa muda aliponitazama kifua na kukuta hakuna kitu, alishusha kalamu. Nilimpungia mkono.

Night alifika baada yangu, akichechemea, raba za kijivu mkononi, miguu mitupu juu ya lami.

"Usidhani umeshinda," alinifokea.

"Sikushinda. Sikuhesabiwa."

"Sisi pia! Kwa sababu yako!" Kisha akazitupa zile raba kwenye nyasi, akaketi kando yangu, maana hapakuwa na kivuli kingine.

Adhuhuri, kabla ya safari ya kurudi Abuku, tulipumzika sote kwa akina Phiona, Pajulu. Mama yake alimpa Baba mdogo jagi la maji ya udhu. Alipomaliza, alisimama pale barazani akitazama alama zake mwenyewe, pana, zisizo na pengo. Safari hii hakuzifuta.

"Night," aliita. "Leta mguu hapa."

Akamwagia maji. Night akakanyaga saruji, akaondoka. Pengo lilikuwa pale upande wa ndani, jembamba, kama langu.

Baba mdogo aliinama, mikono magotini.

"Hii si yangu," alisema taratibu. Kisha, bila kuinua kichwa: "Lakini Shamira, wewe bado uko nje ya kikosi. Amri ni amri."

"Ndiyo, Baba mdogo," nilisema. Nilivua soksi, nikachukua jagi, nikajimwagia maji mwenyewe. Sikungoja kuitwa. Nilikanyaga kati ya unyayo wake na wa Night, nikaubonyeza mguu mpaka vidole vyote vikaonekana.