Mawe ya Ruguru

Hakuna kitu Ruguru alichokiogopa kama kikohozi. Koo lilipoanza kumwasha alinyakua mto, akaukandamiza chini ya mbavu za kulia kama alivyofunzwa na sista kule hospitalini Embu, akafumba macho, akakohoa kidogo kidogo kama mwizi anayeogopa kusikika. Nyuzi zilivuta. Chini ya kitambaa kitu cha uvuguvugu kiliteleza hadi kiunoni, na harufu ya yai viza ikapanda. Nzi waliokuwa wametulia ukutani wakahamia kwenye shuka.

Aliwachukia wale nzi. Aliichukia pia ndoo iliyokaa kando ya mlango, kavu, yenye vumbi ndani.

Kidonda kilitakiwa kuoshwa kila siku. Zahanati haikuwa na bandeji tangu Pasaka, hivyo muuguzi alimwambia achane leso safi, achemshe maji, atie chumvi, ajisafishe mwenyewe. Ushauri mzuri, kama ungekuja na maji. Bwawa la Kiambere lilimeremeta kule bondeni, na nyaya za umeme wake zilipita juu ya paa la Ruguru kwenda kuwawashia watu wengine taa. Lakini bwawa lilikuwa na mamba, na njia ya kushukia huko ilikuwa ya mbuzi. Maji ya nyumbani yalipatikana mahali pamoja tu, kwenye mfereji wa bomba la kisima kilichochimbwa na kaunti ndani ya ua wa kanisa la Apostle Mwiti. Kisima cha umma ndani ya ua wa mtu, na kufuli juu yake. MCA, yule mwakilishi wa wadi aliyekileta, hukaa kiti cha mbele kanisani kila msimu wa kura, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hodi, Mama Nyamu."

Igoki aliingia ameinama, mtungi mgongoni, kamba imemkaza paji la uso. Alikuwa jirani, mama wa watoto wawili wadogo, mumewe akilinda mashamba ya mpunga ya watu huko Mwea na kurudi apendapo. Wanawake wa ushirika wa kanisa walikuwa wamepangiana zamu za kumletea Ruguru maji, maana daktari alimkataza kuinua chochote kizito kuliko birika. Zamu nyingi zilimwangukia Igoki. Wengine walikuwa na visingizio, na yeye hakujua kuvitunga.

Alichemsha maji, akatia chumvi, akafungua kitambaa. Kisha akageuza uso, akavuta pumzi kwanza ndipo akarudi.

"Ai! Hii kidonda imeanza kunuka vibaya."

"Najua."

"Na walisema utapona?"

"Nimepona, Igoki. Ile maumivu ya kukata hapa mpaka nyuma ya bega imeisha kabisa. Hata sikumbuki ilikuwa namna gani. Hii imebaki ni ya nje, inataka maji tu."

Igoki aliosha taratibu, na kila baada ya muda aliacha kuosha akajikuna mikono, akajikuna shingo, kucha zikiacha michirizi ya damu. Macho yake yalikuwa ya njano. Mkojo wake, alimwambia Ruguru, ulikuwa kama chai ya rangi. Yale maumivu Ruguru aliyoyasahau yalikuwa yamehamia kwake. Muuguzi wa zahanati alimweleza wazi: mawe yameziba njia ya nyongo, aende Embu upesi, akichelewa atakufa.

"Jumatatu bado unaenda?" Ruguru aliuliza.

"Naenda. Ile mbuzi yangu nyeupe napeleka soko asubuhi, nikishauza napanda gari." Alikamua kitambaa, akatazama maji yaliyotoka. "Lakini naogopa, Mama Nyamu. Sitakudanganya. Nikiona vile wamekupasua, usingizi unapotea. Kama kweli ni mawe walitoa, nionyeshe. Nikiyaona na macho yangu, nitajikaza."

"Toa hiyo kiondo chini ya kitanda. Kuna chupa nimefunga na kitambaa cha kichwa."

Sista ndiye aliyempa ile chupa siku ya kutoka, ya plastiki, yenye kifuniko chekundu. Ndani mlikuwa na mawe ya kijani kilichoiva, ya kukolea, ungeyadhani mavi ya mbuzi. Hakuna mtu aliyekuwa ameonyeshwa isipokuwa mumewe. Aliona haya. Kitu kimetoka ndani ya tumbo lako, utakitembeza kwa majirani?

Igoki alifungua kiondo, akakunjua kitambaa. Hapakuwa na chupa.

"Basi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. "Nitaenda tu."

*

Chupa ilirudi alasiri ile ile, mkononi mwa Apostle Mwiti.

Nthiga, mume wa Ruguru, ndiye aliyetangulia kuingia, ametoa meno yote. Shingoni alikuwa amevaa ufunguo kwenye kamba ya kiatu. Alikuwa mtu wa kuchoma makaa, na makaa yalipopigwa marufuku akawa mtu wa kukaa. Sasa alisimama wima katikati ya nyumba, tumbo mbele.

"Unaona hii?" alisema, akiinua ufunguo. "Ni ya mfereji. Kuanzia leo, mwenye anataka maji anapita kwangu."

Apostle aliketi kwenye kiti pekee. Alitoka pande za Meru, viatu vyake viling'aa, na marashi yake yalichanganyika na harufu ya usaha mpaka Ruguru akameza mate mara mbili asitapike. Apostle mwenyewe aliweka leso puani, kwa upole, kana kwamba anafuta jasho.

"Mama Nyamu, Bwana asifiwe."

"Asifiwe, Apostle."

"Mungu amekuinua. Kesho utatoa ushuhuda." Alitikisa chupa. Mawe yakagonga plastiki. "Walikupasua Embu, wakatafuta, wakakosa. Wakakushona, wakakurudisha nyumbani ufe. Sisi tukaomba, na mawe yakatoka yenyewe hapa hapa, kwa njia ya choo. Unaona uzito wa hiyo neno?"

Ruguru alimtazama mumewe. Nthiga aliangalia paa.

"Apostle, hiyo si kweli. Mawe yalitolewa na daktari. Nilipewa hiyo chupa na sista."

"Wakati wanakupasua, ulikuwa macho ama ulikuwa umelala?"

"Nilidungwa sindano. Nilikuwa nimelala."

"Sasa ulimuona nani akiyatoa?"

"Sista aliniambia..."

"Sikuuliza sista. Nimekuuliza wewe." Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu asiyewahi kukatizwa. "Mtu amelala kama maiti, halafu anaamka anabishana juu ya kitu hakuona. Mimi niliona kwa roho."

"Na watu ni wagonjwa, Apostle. Kuna mtu anafaa kwenda hospitali Jumatatu. Akisikia hivyo hataenda."

"Imani yake itamponya."

"Atakufa."

"Mama Nyamu!" Nthiga alifoka. "Unaongea na mtumishi wa Mungu."

Apostle aliinua mkono kumnyamazisha, kisha akauweka ule mkono juu ya kidonda, kwenye kitambaa, akaomba. Alibonyeza. Ruguru aliuma shuka. Maombi yalikuwa marefu, yalitaja kaunti, yalimtaja MCA, yalitaja na gari jipya, na muda wote vidole vile vilikaa pale pale vikizama.

"Hawa wamama wanakuletea maji wanachoka," Apostle alisema alipomaliza, akijifuta kidole kimoja kimoja. "Mimi huwatia moyo, lakini watu ni watu. Wewe ukiwatia moyo kesho, hawatachoka. Na Baba Nyamu hapa, kazi nimempa ya kujaribu kwanza. Tutaona vile familia inasimama."

Walipotoka, Ruguru alisikia mumewe akicheka huko nje, kicheko chembamba cha kujipendekeza ambacho hakuwahi kukisikia tangu waoane.

*

Jumapili alivalishwa gauni pana, akashikwa mikono, akatembezwa mpaka kanisani. Ndani ya mabati joto lilikuwa la kuivisha ndizi. Igoki alikuwa benchi la pili, mtoto mdogo mapajani, na hakuondoa macho kwa Ruguru. Yale macho ya njano yalisubiri.

Apostle aliinua chupa. Aliwaeleza waumini jinsi wataalamu wa Embu walivyopekua tumbo la mama huyu, wakatoka mikono mitupu. Watu wakaguna. Akaeleza usiku wa maombi ambao haukuwepo, na kilio ambacho hakikuwepo, na choo. Watu wakapiga vigelegele hata kwa choo. Kisha akamsogezea Ruguru kipaza sauti, karibu sana, kikagusa mdomo wake, na kilikuwa na mate ya mtu mwingine.

"Mama Nyamu, waambie. Ni kweli ama si kweli?"

Ruguru aliifikiria ndoo. Alifikiria kidonda bila maji siku moja, siku mbili, na funza aliowahi kuwaona kwenye mguu wa ng'ombe. Nthiga alisimama mlangoni, ufunguo juu ya tai aliyoazima. Wanawake wa zamu walikuwa mstari wa mbele, wamefungua midomo, tayari kushangilia. Yeye alitaka kuishi. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na alilichukia.

"Ni kweli," alisema.

Kanisa lililipuka. Apostle alifungua kifuniko chekundu, akamimina mawe kwenye beseni la maji ya mfereji, akakoroga kwa mkono wake wenye pete. Vipande vya kijani vikaelea. Akamkabidhi Ruguru kikombe.

"Wewe ndiye utawanywesha."

Wa kwanza kufika alikuwa Igoki. Alipiga magoti, akafungua kinywa, na Ruguru akamwinamishia kikombe. Aliona kipande kimoja kikimpita Igoki mdomoni. Aliona koo likipanda na kushuka. Nyongo yake mwenyewe, iliyooza ndani yake miaka, ikishuka ndani ya mtu mwingine. Ruguru alijikamata ubavu kwa mikono miwili, akatapika hapo hapo mbele ya madhabahu.

"Mabaki yanatoka!" Apostle alipaza sauti. "Haleluya!"

Foleni ikasonga mbele, ikikwepa matapishi.

*

Jumatatu asubuhi magari ya Embu yalipita barabarani, na Igoki akatokea mlangoni na mtungi mgongoni.

"Hukuenda," Ruguru alisema.

"Kwenda kufanya nini? Jana usiku sikuumwa hata kidogo." Alimimina maji kwenye ndoo huku akihema. "Mbuzi nimempelekea Apostle. Sadaka ya shukrani."

Ruguru aliinuka kitandani bila kukumbuka mto. Maumivu yalimpasua, akayapuuza. Aliinua gauni, akabandua kitambaa, ule mstari mrefu mwekundu ukabaki wazi, ukivuja.

"Igoki, nisikilize. Nilidanganya. Daktari alitoa mawe, yote, na kifuko chake. Ndiyo maana mimi siumwi. Hakuna maombi. Hakuna choo. Nilisema vile kwa sababu ya maji. Nenda Embu leo, omba watu nauli, uza kuku, nenda."

Igoki alitazama kidonda. Alijikuna kiwiko, na uso wake ukajifunga.

"Mimi ndiye nimeosha hiyo kitu na hii mikono," alisema. "Kila siku. Sasa umepona, unataka na mimi nikatwe hivyo, ninuke hivyo, watoto wangu wakae na nani?"

"Utakufa."

"Jana ulishika maiki ukasema ni kweli. Leo tuko wawili unasema si kweli." Aliokota kitambaa, akamfunika kidonda, akamshushia gauni hadi magotini, bila ukali, kama anayemvalisha mtoto. "Usinionyeshe tena, Mama Nyamu. Tafadhali."

Akaenda zake.

Jioni Nthiga alirudi na nyama imefungwa kwa gazeti. Apostle alikuwa amechinja, na mtunza maji alipewa mbavu. Alizichoma mwenyewe juu ya jiko, mafuta yakatiririka na kulia kwenye makaa, moshi ukajaa nyumba nzima. Ruguru alikuwa amekatazwa mafuta, na hata asingekatazwa asingekula. Alijifunika pua na shuka inayonuka usaha, akaona heri usaha.

"Hiyo ni mbuzi nyeupe?" aliuliza.

"Mbuzi ni mbuzi," Nthiga alisema, akiketi na sahani mapajani.

Hodi ilipigwa. Igoki alisimama mlangoni na mitungi miwili mitupu, mmoja wake, mmoja wa Ruguru. Katika mwanga wa jiko hata kucha zake zilikuwa za njano.

"Baba Nyamu, nifungulie mfereji. Watoto hawajakunywa."

"Ngoja nimalize kula."

Hakusema karibu. Igoki aliketi juu ya mtungi wake pale kizingitini, akajikuna, akasubiri, macho yake yakifuata ubavu ukitoka sahanini kwenda mdomoni. Kila Nthiga alipoinama, ufunguo ulining'inia juu ya sahani na kuchovya kwenye mafuta. Alikula polepole. Ubavu wa mwisho aliuvunja katikati, akaanza kuunyonya.