Kishikio Mbali na Bawaba

Nondo alikuwa fundi wa mageti, na chochote alichounda kilitoka geti. Aliwahi kumtengenezea jirani kitanda cha mtoto. Wanaume wanne walikibeba wakihema, na mtoto akakua akakiacha palepale kilipotuliwa. Basi dada yake mkubwa alipoangukiwa na robota la kitambaa kazini, miguu ikagoma moja kwa moja, Nondo aliapa kwamba kiti cha magurudumu cha dada hakitoki dukani wakati yeye yupo.

Dada mwenyewe alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare. Miaka kumi na tisa ya kukata, hata wenzake walisahau jina lake wakamwita Mkasi. Msimamizi alikuja kumwona nyumbani, akasema bila kuzungukazunguka:

"Meza yako ipo, mama. Ila sina mtu wa kukusukuma kila asubuhi. Jumatatu ukipanda mwenyewe mpaka mlangoni, unaendelea. Ukishindwa, nitaweka mwingine."

Mbele ya mlango wa karakana pana mteremko wa zege, hatua tisa za mtu mzima. Hatua hizo tisa ndizo zilizobaki kati ya Mkasi na meza yake.

Kiti kilikamilika Alhamisi. Ukingo wa yale magurudumu mawili makubwa ulikuwa bomba nene la chuma, na ndani ya bomba Nondo alishindilia zege. "Hilo halibonyei hata lori likipita juu," alisema. Ubavuni mwa kila gurudumu, kwa nje, alichomea pete ya kusukumia, ndogo, upana wa sahani.

"Mbona pete imejificha huku katikati?" Mkasi aliuliza.

"Ili mkono usisafiri mbali, dada. Kazi kidogo. Na matope yasikufikie."

Mkasi akasukuma. Kiti kikamtazama. Akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kiti kikasogea kama ng'ombe anayejua anapelekwa machinjioni. Kilipoanza mwendo nacho kikakataa kusimama, kikaenda kugonga ndoo ya maji.

"Umeniundia kiti au kinu?"

"Mtazoeana."

"Nani na nani?"

Shule ilimwacha Mkasi mapema, lakini jicho la mkataji halingoji cheti. Aliagiza ubao uegemezwe kwenye kizingiti, kisha akamwambia mdogo wake alete vyuma viwili vyenye uzito mmoja na upana mmoja: kisahani kilichojaa chuma mpaka katikati, na pete tupu. Nondo akavipima kwenye mizani, akaviachia vibingirike ubaoni kwa pamoja. Kisahani kikafika chini kwanza. Wakarudia mara nne. Kila mara pete ilichelewa.

"Na uzito ni uleule," Nondo alisema, akikuna kichwa.

"Ni uleule, ila kwenye pete umekaa wote pembeni. Ukikaa pembeni unakuwa mbishi kuzungushwa, na ukishazunguka unakuwa mbishi kusimama. Toa zege lako, baba."

Ijumaa Nondo aliondoa mabomba, akafunga rimu za baiskeli. Jumamosi kiti kilikimbia uani kama mbuzi aliyekata kamba, na fundi akapiga makofi mwenyewe. Jumapili wakaenda karakana kujaribu.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo mikono ikaisha nguvu. Kiti kikaanza kurudi kinyumenyume, Nondo akakidaka. Wakajaribu tena, kikagomea palepale. Mara ya nne viganja vya Mkasi vilikuwa vimechubuka.

"Umelala miezi mingi, dada," Nondo alisema taratibu. "Tumwombe yule bwana atuongeze wiki."

"Haongezi. Namjua."

Wakabaki chini ya mteremko, hakuna wa kumchekesha mwenzake. Mlinzi akaenda kufungua geti la karakana. Geti lile aliliunda Nondo. Chuma kitupu, zito kama deni la baba. Mlinzi alilisukuma kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai. Mkasi akamtazama mpaka geti likafunguka lote.

"Mdogo wangu, kishikio cha geti lile umekiweka wapi?"

"Kule mwisho. Mbali na bawaba."

"Si ungekiweka karibu na bawaba, mkono usisafiri?"

"Dada nawe! Ukisukuma karibu na bawaba geti hata halijui kama upo. Utasukuma mpaka..."

Akainama, akaitazama ile pete ndogo iliyojibana karibu na ekseli, katikati ya gurudumu. Mlinzi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mganga hajigangi!"

Jioni ile Nondo alikunja bomba jembamba, akachomea pete mbili mpya, karibu upana wa gurudumu lenyewe.

"Sasa mkono utasafiri," alisema.

"Acha usafiri. Nimekaa ndani mno."

Jumatatu wenzake walijazana madirishani. Msimamizi alisimama mlangoni. Nondo alikuwa nyuma ya kiti, mikono kaifunga mgongoni, maana dada alishamwonya: "Ukinigusa tu, nimeshindwa."

Mkasi akainamisha kifua mbele, akasukuma. Mikono ilitoka mbali na kufika mbali, lakini kila msukumo uliitikiwa. Hatua ya tatu kiti kikasita, kikarudi nyuma kama upana wa kiganja. Nondo akauma mdomo. Mkasi akaziwahi pete, akazishika kwa juu, akasukuma tena. Ya nne. Ya tano. Ya saba akapumzika, pete amezibana kwa viganja vyote viwili, jasho likimdondokea magotini. Kisha ya nane. Kisha magurudumu madogo ya mbele yakaruka kizingiti.

Msimamizi akasogea pembeni. "Karibu kazini, mama."

Mkasi alikwenda moja kwa moja mpaka mezani kwake. Meza ikamfika kidevuni. Akaitazama, akageuka.

"Nondo! Njoo ukate miguu ya meza hii." Akafikiri kidogo. "Kukata tu. Usiongeze kitu."